Uzi Mweusi kwenye Jora la Tarehe Thelathini

Wenzangu wa Jumamosi, tangu nirudi mmeniuliza mambo mawili: mguu wangu umepatwa na nini, na daftari la riwaya liko wapi. Kuhusu mguu niliwajibu kwa mkato kwamba nilitembea. Kuhusu daftari nimekuwa nikibadilisha mazungumzo. Leo nawaandikia yote mawili kwa pamoja kwa sababu yana jibu moja, na kwa sababu nikisimulia kwa mdomo nitajipendelea. Nimeshajaribu peke yangu chumbani, nikajisikia nikipunguza hapa na kuongeza pale.

Safari yenyewe haikuvuka mpaka wowote. Ilizunguka Mlima Meru tu, huu huu tunaouona kila asubuhi tukipiga mswaki. Lakini nimerudi kama mtu aliyetoka mbali.

Kijenge hadi Moshono

Aline mnamjua. Ni yule Mkongo wa Uvira anayewafundisha Kifaransa waongoza watalii, aliyetusomea hadithi yake ya mlango, tukakaa kimya mpaka chai ikapoa. Siku ile ile mimi nilisoma sura yangu ya saba. Mkasema, "Nzuri." Sijawasamehe. Nilimpenda tangu siku ile na nilimwonea wivu tangu siku ile, na hadi sasa sijui kipi kilitangulia.

Wiki moja kabla ya tarehe thelathini Juni alinipigia simu akaniomba nimsindikize. "Weye ni Mmeru, njia za mlimani unazijua." Nilisikia neno "nimsindikize", mengine yakanipita. Niliondoka Kijenge kabla jua halijatoka, na baridi ya Juni mnaijua. Nilifika kwake Moshono nikiwa nimefunga skafu ya mama yangu hadi masikioni, daftari kwapani.

Juu ya kitanda chake kulikuwa na jora zima la kitenge. Rangi ya buluu ya kukolea, vichwa vya okapi vimepangwa safu kwa safu, na katikati ya kila safu duara lenye tarehe thelathini. Lilikunjwa kwa mikunjo iliyokaa miaka, mpaka penye mikunjo buluu ilikuwa imepauka.

"Kikwembe cha Uhuru," Aline akasema. "Njoo uone ukingo wake."

Akanieleza, nami nawaeleza kama alivyosema. Kwenye mtaa wao kule Uvira, wanawake walinunua jora moja kila mwaka kwa ajili ya sikukuu ya Uhuru wa Kongo. Sheria ilikuwa moja: wanavaa wote au havai mtu. Jora haliguswi na mkasi mpaka kila mwenye fungu lake ashone mshono mmoja ukingoni, kwa mkono wake mwenyewe na uzi wowote alio nao. Neno la simu halikubaliki, wala la kutumwa. Asiposhona hata mmoja, jora linarudi sandukuni.

Hili walilinunua mwaka vita ilipowafikia. Walikimbia nalo. Wenye mafungu ni wanne, na watatu kati yao walifika huku, wakatawanyika kuuzunguka mlima. Ukingoni tayari kulikuwa na mishono miwili: wa buluu, wa Aline, alioushona juma lile, na wa manjano, uliofifia.

"Huu wa manjano wa nani?"

"Wa Nabintu. Yeye alibaki. Alishona siku ile tunatoka, gari linapiga honi." Akalikunja jora, akalitia ndani ya mfuko wa unga uliofuliwa. "Bado Mama Bahati wa Nkoaranga na Mama Shantali wa Ngarenanyuki. Wakishona, tunampelekea Dido pale Oldonyo Sambu. Dido anasubiri."

"Dido ni nani?"

"Fundi wetu. Alitushonea tangu nikiwa mdogo." Akacheka. "Hanipimi hata. Vipimo vyangu anavyo kichwani."

Hapo ndipo safari yangu ilipoharibika, ndugu zangu, nikiwa bado sijatoka hata getini. Kuna mwanaume anakaa Oldonyo Sambu, kwenye upepo na vumbi, na kichwani anatembea na vipimo vya Aline.

Moshono hadi Nkoaranga

Tulishuka Tengeru, kisha tukapanda. Njia ya Nkoaranga kwa mguu wa mgeni ni ukuta. Aline alikuwa na viatu vya mjini. Mara mbili aliteleza kwenye udongo wa migombani, na mara mbili nilimshika mkono nikamshukuru Mungu kwa udongo. Mzee mmoja aliyekuwa akipogoa kahawa alitutazama, akautazama mfuko mgongoni kwangu, akauliza, "Mnapeleka nini, mbegu?"

"Nguo, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Nguo nyingi hivyo mnamvisha nani?"

Tulipopumzika, Aline aliniuliza sisi siku yetu ya Uhuru, Tisa Desemba, tunafanya nini. Sikuwa na jibu la kujivunia.

"Mama anafua mablanketi."

"Kila mwaka?"

"Kukiwa na jua."

Alicheka hadi akashika mgomba. "Eliya, muna bahati! Sikukuu ya taifa ambayo shida yake ni jua!"

"Si mablanketi tu," nikajitetea. "Kuna vikao vya harusi. Na Nane Nane tunakwenda kwenye maonyesho ya wakulima kuangalia ng'ombe wakubwa."

Aliposhiba kucheka alisema kwamba na wao zamani walikuwa hivyo. Wanafunzi walisimamishwa juani saa tatu nzima wakisubiri gwaride, wengine wakianguka, hotuba hazikuisha, wanaume walilewa kabla ya saa sita. Kila mtu alilalamika. Kisha vita ikafika. Mwaka wa kwanza wakiwa huku, Mama Shantali alisema atakayevaa jora lile anacheza juu ya makaburi, na wote wakakubali. Msichana mmoja wa kwao aliyekuja kanisani na kikwembe cha mwaka wa nyuma alifunikwa kanga mabegani kama aliye uchi. Mwaka wa pili walikaa ndani, simu zimezimwa, hawakupika. Mwaka wa tatu vilevile.

"Sasa tunafanya nini kingine?" akasema. "Tulinyamaza, tukanyamaza, mpaka kile kimya kikawa sikukuu ya waliotufukuza. Mwaka huu nikasema nitauliza tena. Nyumba kwa nyumba."

Nitawaambia kitu cha aibu. Nilimwonea wivu. Sikuonea wivu vita, sijawa mwendawazimu kiasi hicho. Nilionea wivu siku hiyo. Nilitaka na mimi tarehe ambayo watu wanaweza kukosana kwa ajili yake, tarehe ya kubeba mgongoni kupanda mlima. Mimi nina mablanketi kwenye kamba. Na riwaya yangu, ile mnayoiita nzuri, inanuka sabuni hiyo hiyo.

Mama Bahati tulimkuta nyuma ya nyumba, chini kidogo ya hospitali, akimenya ndizi. Kwao aliongoza akina mama kwenye gwaride. Hata kisu alikishika kama fimbo ya kiongozi. Hakuuliza tumefuata nini. Alifuta mikono, akafungua mfuko, akalaza shavu lake juu ya okapi.

"Uzi," akasema.

"Mama, hata sijakuuliza!" Aline akashangaa.

"Uliza basi, kusudi nikujibu." Lakini akaendelea mwenyewe. "Binti yangu juzi amechora bendera shuleni. Kijani, njano, nyeusi, buluu. Nzuri sana. Nikamwambia chora na ya kwetu. Akauliza, 'Ya kwetu ni ipi?' Mimi nilisema nanyamaza kwa ajili ya wafu. Kumbe namnyamazia na aliye hai."

Akashona mshono mwekundu, mnene, akaukata uzi kwa meno.

Tulilala kwa bibi yangu, ng'ambo ya korongo. Bibi alitupakulia loshoro, makande ya maziwa, iliyochacha vizuri, na Aline akamaliza bakuli bila kukunja uso, jambo ambalo lilimpandisha daraja mara moja. Kisha bibi akaona mfuko. Akapapasa jora, akanivuta jikoni.

"Mjukuu wangu, kitambaa kizima ambacho hakijaguswa mkasi hakibebwi bure. Huyu binti anakwenda kuposwa?"

"Hapana bibi, ni sikukuu yao."

"Sikukuu," akasema bibi. "Na mwisho wa safari kuna mwanaume?"

Nikachochea moto. Kwetu, kitambaa kizima kikisafiri, kinakwenda kwa wakwe au kinatoka kwao. Bibi alisoma alichojua kusoma. Ila mimi nilikuwa nimeelezwa ukweli saa chache tu zilizopita, na bado usiku ule niliuamini wasiwasi wa bibi kuliko maneno ya Aline.

Nkoaranga hadi Ngarenanyuki

Barabara ya kwenda Ngarenanyuki inapita ndani ya hifadhi, kwa hiyo hakuna kutembea. Tulipanda pikapu iliyorudi na kreti tupu za nyanya. Twiga wawili walisimama barabarani wakitutazama kama maafisa, na dereva akazima injini akala muwa mzima akiwasubiri wamalize.

Upande ule mlima si ule tunaoujua. Ubavu wake wa mashariki umebomoka wote, ndani ukuta wa mwamba uko wazi, na katikati kuna kilima cha majivu. Aline alitazama muda mrefu. "Kumbe huu nao ulishapasuka," akasema, "na nyie mnauchora mzima kama donge la sukari guru."

Mama Shantali ameolewa na mkulima wa nyanya, Mmeru mwenzangu, mtu mpole mwenye meno ya kahawia kwa sababu ya maji ya kule. Alitukaribisha vizuri, alisonga bugali, akakaanga dagaa na nyanya, akatuuliza habari za kila mtu aliye hai. Aline alipoweka jora mezani, alilitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila kubisha.

Mwanawe Patriki alikuwa mpiga ngoma kwenye gwaride. Alifia njiani wakikimbia. Hilo nililijua kutoka kwa Aline. Mama Shantali mwenyewe, Aline alipomwomba ashone, alisema tu, "Nimesikia," akaondoa sahani.

Jioni ile, nje, Aline alizungumza na simu. Nusu ilikuwa Kiswahili, nusu lugha yao, na kicheko chake kilikuwa kile cha migombani, kile nilichodhani nimekichuma mimi. "Vipimo vyangu unavyo, Dido… Hapana, sijanenepa! … Mama akikubali, nitakaa kwako siku mbili, nikusaidie kupinda pindo." Siku mbili. Nilihesabu nyota za Ngarenanyuki, na ziko nyingi.

Asubuhi Aline aliondoka na mwenye nyumba kutafuta lori la kutupeleka Oldonyo Sambu. Nilikuwa kibarazani na daftari langu. Mama Shantali akatoka na shati la mumewe mkononi, sindano imechomwa kwenye kola. Alikuwa akirudishia kifungo.

"Mwanangu, nishikie hiyo nguo."

Nikafungua jora mapajani. Alikaa kando yangu. Mikono yake ilikuwa na nyufa za dawa ya nyanya.

"Uzi ni mweusi," akasema, "ndio ulioko kwenye sindano. Sikuchagua." Akashona. Mshono mmoja, mdogo, ulionyooka. Alikawia kuchomoa sindano. "Patriki alipiga ngoma vibaya," akasema. "Kila mwaka alichelewa pigo moja. Batu walikuwa wanacheka." Kisha akainuka. "Mwambie Aline nimeshona. Mimi siwezi kumwambia, nitalia, na nina mashamba." Akachukua jembe, akashuka kuelekea mtoni bila kugeuka.

Nilibaki na jora. Mishono minne: buluu, manjano, nyekundu, nyeusi. Kila kitu kilikuwa tayari. Sasa lingekatwa, na Aline angekaa siku mbili kwa mtu ambaye hahitaji kumpima.

Nimeandika sentensi inayofuata mara kumi na moja. Nilichukua mwiba wa mgunga uliokuwa umelala kibarazani, nikaupitisha chini ya uzi mweusi, nikauchomoa. Ulitoka kirahisi. Niliutupa majanini, na upepo wa kule ukauchukua.

Aline aliporudi alikuwa anakimbia. "Lori lipo! Mama yuko wapi?"

"Kaenda shamba."

"Alisema nini?"

"Alisema bado."

Nilifikiri angesema, basi turudi Arusha. Nilikuwa tayari nimetutungia safari ya kurudi, sisi wawili, na maneno yangu ya faraja. Aline alikaa juu ya kreti, akafunika uso kidogo kwa viganja, kisha akasimama.

"Twende kwa Dido."

"Si amekataa? Kwa nini tuende?"

"Anasubiri miaka minne, Eliya. Hilo silisemi kwenye simu."

Ngarenanyuki hadi Oldonyo Sambu

Lori lilipasuka tairi kabla hata hatujaupita mgongo wa kaskazini wa mlima. Tairi la akiba nalo lilikuwa limeshapasuka jana yake. Dereva alitueleza jambo hilo bila haya yoyote. Tulikaa saa nne kwenye nyika kavu, na shehena ya nyanya ikianza kunuka tamu. Mama mmoja wa Kiarusha alipita na punda wawili, akatumiminia maziwa ya kibuyu kwenye kifuniko cha chupa, mmoja mmoja, kama dawa. Akaona buluu inachungulia mfukoni.

"Sare hiyo? Harusi ya nani?"

"Si harusi, mama," Aline akamjibu. "Ni ya Uhuru wetu. Lakini haitavaliwa."

"Kwa nini?"

"Mmoja hajakubali."

Mama yule akafikiri. "Sisi mmoja akikataa, wazee wanakwenda tena kumuuliza. Anaweza kuwa alikataa kwa sababu ya jua." Akawasukuma punda wake. Nikainamia viatu vyangu.

Tairi lilipozibwa tuliendelea, tukafika jua likiwa limeinama. Dido anashonea kwenye kibaraza karibu na mnada wa mifugo, katikati ya mashuka mekundu yanayopigwa na upepo. Nilikuwa nimemtengeneza kichwani: mrefu, shati limefunguka kifuani. Nikamkuta mtu wa miaka arobaini na kitu, kipara, miwani imefungwa kwa uzi, anapinda suruali ya shule. Nilimwonea wivu vilevile. Wivu haujali kipara.

"Kaka Dido," Aline akasema. "Mama Shantali amesema bado."

Dido aliweka suruali chini polepole. "Sawa. Haina shida. Leta niikunje vizuri basi, isiliwe na nondo."

Akalitoa jora, akatandaza ukingo juu ya mashine kama mtu anayesoma barua. Kidole kilipita kwenye buluu, kikapita kwenye nyekundu, kikasimama kwenye manjano, kikakaa hapo. Kisha kikasogea inchi mbili, kikasimama tena. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hapa palikuwa na mshono."

"Hapana, kaka."

"Aline, mie ni fundi. Tundu la sindano likiwa jipya linabaki wazi; nguo haijalifunga. Tazama, mawili. Kaingia hapa, katoka pale. Ni mkono wa Mama Shantali huu, anashona mfupi hivi. Kuna mtu ameufumua." Akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama anavyotazama nguo, kujua imechanikia wapi.

Ningeweza kusema panya. Ningeweza kusema kreti za nyanya. Ninatunga uongo kila siku, ninyi ndio mashahidi. Lakini kidole chake kilikuwa kimerudi kwenye uzi wa manjano bila yeye kujua, kinaupapasa, na ndipo nilipouliza swali ambalo mtu yeyote asiye na wivu angeliuliza siku ya kwanza Moshono.

"Nabintu ni nani wako?"

"Mke wangu," Dido akasema.

Upepo ukapiga mashuka. Aline alikuwa ananitazama.

"Ni mimi," nikasema. "Mama alishona asubuhi. Akaniomba nikwambie. Nikaufumua kwa mwiba."

"Kwa nini?"

Nikaeleza. Vipimo kichwani, kicheko cha kwenye simu, siku mbili. Nililiona kila neno likiwa dogo kadiri lilivyotoka. Aline hakupiga kelele. Angepiga kelele ningefurahi.

"Miaka minne," akasema, "huyu mtu hana ruhusa ya kumshonea mkewe gauni. Kwa sababu ya sheria yetu. Akimpata kwenye simu mara moja kwa mwezi, Nabintu anauliza, 'Umenishonea?' Na weye ulikuwa unahesabu kicheko changu?"

"Aline—"

"Lete daftari."

Nikampa. Alilitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu, na liko kwake hadi leo.

"Jora beba. Umelifumua weye, utalirudisha weye. Kesho. Na usipande lori. Lori litakufikisha kabla hujafikiri."

Dido ndiye aliyeniletea ugali jioni ile. "Kula," akasema. "Ni mbali." Nilitamani anichukie. Hata huo wema niliuonea wivu.

Oldonyo Sambu hadi Ngarenanyuki, kwa miguu

Mtu akiwauliza mguu wangu, mwambieni ulipata unachostahili. Nilianza alfajiri na viatu vyangu vya mjini. Kabla ya saa sita lengelenge la kisigino lilikuwa limepasuka. Mchungaji mmoja alinionea huruma akanivua kiatu, akaniambia niendelee na soksi, "kiatu kinakudanganya." Nikaendelea na soksi moja. Mlima ulikuwa upande wangu wa kulia kutwa nzima na haukusogea.

Nilimkuta Mama Shantali anachambua nyanya. Alipoona jora aliinuka. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitasinzia katikati ya toba.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Basi ni wivu?"

"Ndiyo, mama."

"Wivu tu? Si kwamba mtu alikutuma?"

"Wivu tu."

Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kwetu batu wamefanyiana mabaya kwa sababu ndogo kuliko hiyo," akasema. "Na wao walianza hivi hivi. Na kitu kidogo ambacho hakuna aliyeona."

Nikaliweka jora juu ya kreti, ukingo ukimwelekea yeye.

Akaleta sindano. "Tunga uzi, macho yangu mabaya." Nilitunga, nikakosa, nikarudia mara nne, naye hakunisaidia. Akashona kwenye matundu yale yale, akapiga fundo, akapiga la pili, akalivuta kwa meno. "Huu hautafumuka." Kisha akafunga kitambaa kichwani, akamwambia mumewe nyanya zitamsubiri. "Kesho nakwenda naye. Jora simwachii tena."

Moshono, tarehe thelathini

Lori la kesho yake lilikuwa na tairi nne nzima. Dido alikata tulipofika tu. Nilisikia mkasi ukiingia kwenye buluu, na Mama Shantali akatoka nje mpaka sauti ile ikaisha. Magauni manne. Hakumpima mtu. La Nabintu alilishona la kwanza.

Mimi nilitumwa mjini mbele yao. Aline aliniambia maneno mawili tu, "Tangulia Moshono," na sikuuliza kama ni adhabu au mwaliko.

Saa kumi jioni nilikuwa nimesimama karibu na duka la kona, bandeji mguuni. Walitoka getini kwa Aline. Mbele Mama Bahati, fimbo ya mgomba mkononi. Nyuma yake Mama Shantali. Nyuma yake Aline. Watatu, mstari mmoja, magauni ya buluu yenye okapi, mikono ikipanda na kushuka. Hakukuwa na ngoma. Binti wa Mama Bahati aliwafuata kwa mbali na bendera ya karatasi.

Bodaboda watatu wakapiga honi. "Hongereni! Bwana harusi yuko wapi?" Mwenye duka akajitokeza na jiwe la kilo la mizani mkononi. "Kaka, hii ni harusi ya nani?"

"Si harusi. Ni Uhuru wa kwao."

"Si kuna vita kwao?"

"Ndiyo."

"Na wanasherehekea?"

Sikujua neno lake. Hawakuwa wakisherehekea, wala hawakuwa wakiomboleza. Walikuwa wakitembea barabarani Moshono, wamekaza shingo, na mmoja wao alikuwa akikanyaga kwa kuchelewa pigo moja kila mara, kwa makusudi. Nilijua ni nani, na kwa ajili ya nani.

Nikaanza kupiga makofi. Nilikuwa peke yangu, halafu mwenye duka akaweka kilo chini akapiga na yeye, kwa adabu tu. Walipokaribia, Mama Bahati akainua fimbo, na nikakumbuka kwamba kwenye gwaride wanaopita hawatazami pembeni isipokuwa mara moja, wanapopita mbele ya jukwaa la heshima. Hapo vichwa vyote hugeuka pamoja. Nikajinyoosha. Naam, hata na lengelenge, hata baada ya yote, nilijinyoosha.

Fimbo ikashuka. Vichwa vitatu vikageuka, upande wa pili wa barabara. Pale alikuwa amesimama Dido, miwani imefungwa uzi, ameinua kwa mikono miwili hanga yenye gauni la nne. Upepo ulilijaza, likawa na mabega.

Walipita hivyo, nyuso zimeelekea kule, na mimi nikatazama visogo vyao. Niliendelea kupiga makofi mpaka wakakata kona.